Kuishi kwenye motohomu msimu mzima wa ski Ufaransa, nani amewahi?

BintiMakete
Habari zenu wadau wa ughaibuni, naombeni msaada wenu maana muda unaniishia. Mwezi wa 12 naanza kazi ya jikoni kwenye hoteli moja huku Savoie, bonde la Tarentaise, kijiji kiko kama mita 1800 juu, mkataba ni mpaka katikati ya mwezi wa 4. Kitanda wanachonipa kiko kwenye chumba cha watu wanne na wanakata kwenye mshahara, mume wangu haruhusiwi kulala hapo, na kupanga studio msimu wa ski ndo usiseme kabisa. Sasa tumepata motohomu ya mtu, yaani gari lenye kitanda, jiko na bafu ndani, ya mwaka 2006, dizeli, mita 6, hita yake ni ya gesi na ndo hiyohiyo inachemsha maji ya kuoga, sola moja juu ya paa. Tunawaza tuinunue tuishi humo miezi minne na nusu.

Mie nimekulia Makete, umande kuganda kwenye majani asubuhi nimeuona tangu mtoto, kwa hiyo baridi yenyewe siiogopi sana. Ninachoogopa ni kile nisichokijua. Gesi inakwenda kiasi gani? Maji hayagandi kwenye bomba? Polisi hawafukuzi watu? Na je sola inatosha kweli au najidanganya? Aliyewahi kuishi hivo naomba aniambie ukweli wote hata kama unakatisha tamaa.

MtangaMilimani
Dada karibu sana. Nimelala misimu miwili kwenye gari ya namna hiyohiyo, mita 1850, hukohuko Alps upande wa Ufaransa, kwa hiyo nakwambia vitu vilivyonikuta. Kwanza uniwie radhi, baridi ya Makete jua likitoka saa tatu inalegea. Hii hailegei, inakaa na wewe wiki nzima mchana na usiku, kila kitu cha chuma na plastiki kwenye gari kinaipata.

Anza na mtungi, usome umeandikwa nini. Huku kuna butani na kuna propani. Butani ikikaribia sifuri inagoma kugeuka gesi, inabaki majimaji mle ndani, unaunyanyua mtungi ni mzito kabisa lakini hita haiwaki. Propani inaendelea kutoa gesi mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mimi usiku wa kwanza nilipanda na butani niliyobakiza kiangazi, saa tisa usiku hita ikazima, nikakaa nimevaa makoti mawili mpaka duka lilipofunguliwa. Nunua propani tu, na uwe na mitungi miwili kila wakati, mmoja unawaka mwingine umejaa unasubiri.

Kiasi inachokula, angalia kibandiko cha hita yako. Yangu imeandikwa gramu 160 mpaka 320 kwa saa. Mtungi wa kilo 13 kwa moto mdogo ni kama siku tatu na kitu, kwa moto mkubwa hata siku mbili hazifiki. Sasa piga hesabu ya miezi minne. Hapo ndo watu wengi hukimbia maana waliwaza wanakwepa kodi kumbe kodi imehamia kwenye mtungi. Ukipata sehemu yenye umeme wa kuchomeka basi shukuru Mungu, ampea 10 ni kama wati 2300, unawasha kihita cha umeme mchana kutwa na gesi unaiachia usiku. Sola kwa Desemba na Januari usiitegemee, jua liko chini, mlima unalikinga, na paneli yenyewe imefunikwa theluji. Na kama betri ni za lithiamu ujue hazitakiwi kuchajiwa chini ya sifuri, zinaharibika, lazima zikae ndani kwenye joto.

Maji. Tenki la maji safi likiwa ndani ya gari haligandi mradi hita inawaka. Tenki la maji machafu ndo liko chini ya gari nje, hilo linaganda siku ya kwanza. Usihangaike nalo, fungua koki yake iache wazi, weka ndoo chini, kila asubuhi mwaga mahali panaporuhusiwa. Ndoo ikiganda unaipigapiga barafu inatoka nzima kama mkate wa sinia.

Alafu kuna kivalvu kidogo karibu na boila, yaani lile tenki linalochemsha maji ya kuoga, hiki wauzaji wengi hawakwambii. Joto la hapo kilipo likishuka karibu nyuzi 3 kinafunguka chenyewe kinamwaga maji ya boila yote nje ili boila lisipasuke. Kinafanya kazi yake, lakini ukiacha pampu imewashwa nayo inaendelea kusukuma. Siku moja nimetoka kazini nikakuta tenki zima limeishia chini ya gari na imekuwa uwanja wa barafu. Ukitoka zima pampu, na hita iache inawaka kidogo, usiizime hata siku moja.

FundiDizeli_Munich
Naongezea upande wa injini, mimi ni fundi wa magari makubwa huku Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa.

Dizeli ina nta ndani yake, baridi ikizidi ile nta inaganda chembechembe, inaziba filta, gari inawaka dakika mbili inazima. Vituo vya mafuta vinabadilisha dizeli majira ya baridi, huku kwetu kuanzia tarehe 16 Novemba mpaka mwisho wa Februari inatakiwa ivumilie nyuzi 20 chini ya sifuri. Shida wanaipata watu waliojaza tenki mapema huko chini kwenye joto, wanapanda nayo mlimani, gari inakaa wiki tatu imesimama, siku ya kuondoka haiwaki. Nyie mkitoka Lyon pandeni na tenki karibu tupu, mjaze Bourg-Saint-Maurice, ule mji wa chini bondeni, au kituo cha mwisho kabla ya kupanda. Na tafadhali msisikilize wazee wa kuchanganya petroli kidogo, hiyo ilikuwa ya injini za zamani, injini ya 2006 mtaua pampu na nozeli.

Handbreki msiivute gari ikishalala, inaganda inashika. Weka giya ya kwanza, weka kabari kwenye matairi, basi. Matairi nayo, Ufaransa tangu Novemba 2021 maeneo ya milimani yaliyotangazwa ni lazima kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi uwe na matairi manne ya baridi au cheni za kufunga matairi mawili ya kuvuta. Na siku hizi tairi lazima liwe na ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, ile alama ya zamani ya M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi tena. Mimi ningebeba vyote, tairi na cheni, na mume wako afunge cheni mara mbili tatu akiwa kwenye sakafu kavu na mchana, kwa sababu ataifunga kweli usiku na vidole havisikii.

Mkija kubadili mawazo mkaweka hita ya dizeli, fahamuni juu ya mita 1500 hewa inakuwa nyepesi, hita inachoma vibaya inajaa masizi. Zipo zenye kifaa cha kurekebisha kwa ajili ya mwinuko, ulizeni kabla ya kulipa.

BintiMakete
Asanteni jamani, yaani sikutegemea majibu haya. Hiyo ya propani nimeshaandika ukutani. Polisi je? Na swali lingine, mume wangu anasema tuzibe matundu yote ya hewa kwenye paa na chini ya mlango tupate joto na gesi iishe polepole, nyie mnaonaje?

MkilifiTirol
Dada HAPANA. Acha kabisa hayo matundu wazi. Naandika nikiwa Austria, Mkenya wa Kilifi, kule kwetu alikozaliwa Sabrina Simader aliyeiwakilisha Kenya kwenye ski Olimpiki ya 2018, nami nimeishi kwenye kampa na mtoto mdogo majira mawili ya baridi kwa hivyo hili linanigusa.

Unajua zile habari za nyumbani kila msimu wa mvua, familia imeingiza jiko la mkaa chumbani ikafunga dirisha, asubuhi majirani wanavunja mlango. Gari lililozibwa na moto wa gesi ndani ni jambo lilelile. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, unasinzia tu. Nunua kengele yake, ibandike mnapolala, ijaribuni mara kwa mara kama inalia. Na theluji ikianguka usiku amka usafishe bomba la moshi la hita na matundu ya friji upande wa nje, hayo yakifunikwa moshi hauna pa kwenda. Paa pia lisafishwe, theluji mpya ya sentimita 30 juu ya gari la mita 6 ni kilo mia nne hivi, ikilowa mvua inazidi hapo mara mbili tatu.

Jambo la pili ni unyevu, na mimi huu ndio ulionitesa kuliko baridi. Mkipika kwa gesi kila kilo moja ya propani inayoungua kwenye jiko inatoa maji lita moja na nusu na zaidi, yanapanda hewani, mnapumua ninyi wawili usiku kucha, mnaanika soksi, yote yanakwenda kukaa kwenye kioo na nyuma ya godoro. Wiki ya tatu niliinua godoro la mtoto nikakuta ukungu mweusi, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukoroma. Nililia. Tangu siku hiyo nilifungua kidirisha cha paa kidogo kila nikipika hata ikiwa nje ni kumi na tano chini ya sifuri, godoro nikaliwekea mbao za chaga chini hewa ipite, kioo cha mbele nikakifunika na lile pazia nene la kuvalishwa kwa nje maana lile la ndani linaacha maji yatiririke. Nguo tulipeleka dobi la mashine. Gesi ilikwenda zaidi, ndio, lakini mtoto alipona.

MtangaMilimani
Mkilifi umesema lile ambalo mimi nilipaswa kulisema la kwanza. BintiMakete mume wako mwonyeshe hiyo meseji asome mwenyewe.

Kuhusu polisi, kwa sheria ya Ufaransa gari likikaa sehemu moja ya umma zaidi ya siku 7 mfululizo linaweza kuandikiwa faini na kuvutwa, na meya anaweza kupiga marufuku kulala kabla hata ya hapo. Kwa hiyo kabla hamjanunua chochote nendeni ofisi ya meya ya hicho kijiji mkaulize kama wana eneo la wafanyakazi wa msimu wanaoishi kwenye magari, baadhi ya vijiji wanalo, na mpige simu sasa hivi maana nafasi ni chache. Wakikataa, wazeni kukaa chini bondeni. Kwa mfano anayefanya kazi Les Arcs, vile vijiji vya ski vya juu yake, anaweza kulala Bourg-Saint-Maurice, kuna treni ya kamba inapanda mpaka Arc 1600 kwa dakika 7. Kule chini ni kama mita 840, joto ni afadhali, maduka yapo, gesi inaliwa kidogo. Zamu yako ya jikoni inaisha saa ngapi usiku?

BintiMakete
Saa tano kasoro, siku nyingine saa tano na nusu. Kesho asubuhi napiga simu kwa meya, na nauliza treni ya mwisho kushuka ni saa ngapi, nitarudi kuwaambia. Mume wangu amesoma yote. Ameenda kununua kengele kabla hata ya gari.