Mathe anataka ning'oe antena ya wifi ati inaita radi. Nimwambie nini?

Khayega_Onlaini
Wadau mko aje. Niko Khayega hapa Kakamega, nafanya ile kazi ya kusikiliza rekodi za watu wa Marekani na kuziandika kwa laptopu, na kwa sasa nakaa nyumbani na mathe juu renti ya tauni ilinishinda. Shida ni mvua. Wenye mnajua Kakamega mnajua, ikifika saa tisa mchana wingu limejaa na ngurumo imeanza, na hapo ndio mathe hubadilika anakuwa askari. Vioo vyote vinafunikwa na leso, simu zote zizimwe, asiwe mtu na nguo nyekundu, asisimame mtu kwa mlango, na rauta itolewe kwa soketi. Juzi nilikuwa katikati ya kazi ya mteja akachomoa waya bila hata kuongea, kazi ikachelewa na mteja akaniwekea nyota mbili.

Nilikuwa navumilia tu. Lakini wiki jana radi ilipiga bulugamu kubwa ya jirani, ng'ombe wawili walikuwa chini yake wakafa hapo hapo, na tivii ya huyo jirani ikaungua na nyumba haiko karibu na huo mti. Sasa mathe amesema ni antena yangu iliita. Ni ile ya intaneti, iko juu ya mlingoti wa chuma umefungwa kwa ukuta, umepita mabati kidogo. Amenipa mpaka Jumapili niitoe na ameshaambia wazee wa ukoo.

Sasa nauliza, simu inavuta radi kweli? Kioo je? Na antena? Na mnisaidie vile nitaongea naye bila kukosa heshima, mimi ndio kitinda mimba na chakula nakula ni yake.

mogusii_halisi
Haha wewe njoo Kisii ndio ujue radi ni nini. Huku mvua ikianza hata mbwa anaingia ndani. Ng'oa hiyo kitu bana, mama ni mama. Na huyo jirani aulizwe amekosana na nani, kuna radi za mvua na kuna za kutumwa.

BabaMapacha_Nax
Hiyo ya kutumwa wacha kabisa, hapo ndipo wazee wa watu huanza kufukuzwa na kuchomewa nyumba juu ya kitu ya hewa tu. Radi ni mingi huko kwenu juu ya ziwa. Mchana upepo unatoka Victoria unaenda nchi kavu, unakutana na upepo wa mashariki pale milima inaanza, Nandi, Kisii, Kericho, hewa yenye maji inapanda haraka na wingu linajengeka, ndio maana mvua yenu ni ya jioni na ina kelele. Usiku inageuka, upepo unatoka nchi kavu unaingia ziwani, na hapo wavuvi ndio wanapata shida. Sasa jirani gani ana nguvu ya kutuma upepo wa ziwa nzima?

mogusii_halisi
Sawa mwalimu 😂

Mzee_wa_Simu
Kijana, usimcheke mama yako. Mimi nilifanya kazi ya laini za simu miaka mingi kabla shirika la posta na simu kugawanywa 1999, na hiyo sheria ya kutoshika simu wakati wa ngurumo tulikuwa tunawaambia watu sisi wenyewe. Simu ya siku hizo ilikuwa na waya inatoka kwa nguzo mpaka sikioni, radi ikipiga laini huko mbali inasafiri na waya mpaka kwa mwenye kuongea. Sasa zikaja hizi za mkononi, waya ikaisha lakini sheria ikabaki. Simu ya mkononi haiiti radi, mawimbi yake hayapeleki stima hewani. Ila ukiichaji kwa ukuta huku unaongea, hapo umerudisha waya, na mama yuko sawa.

fundi_antena_Ksm
Mzee amesema yote lakini acha niongezee kwa antena juu hiyo ndio kazi yangu, hapa Kisumu na vijijini mpaka Siaya.

Kwanza kioo. Ile rangi nyuma ya kioo ni nyembamba sana, haifanyi kitu. Nafikiri watu waliogopa juu mmweko ukipiga unaonekana kwa kioo kama umeingia ndani ya nyumba. Nguo nyekundu ni hivyo hivyo, radi haijui rangi.

Antena sasa. Chuma haivuti radi kutoka kwa wingu. Radi inashuka yenyewe bila mpango, na ni zile makumi ya mita za mwisho tu ndio inachagua kitu imesimama juu kuliko zingine, iwe chuma, mti ama mtu amesimama peke yake kwa uwanja. Bulugamu ilikuwa ndefu kuliko mlingoti wako, ikachukua. Kwa hivyo antena yako haikuita kitu. LAKINI siku ile radi itapiga nyumba yenu ama karibu, kama huo mlingoti haujaunganishwa na ardhi, stima itafuata waya ya antena mpaka kwa rauta, mpaka kwa laptopu, mpaka kwako. Hiyo si hadithi, vitu vimeungua nimetoa ukutani mimi mwenyewe.

Tivii ya jirani iliungua juu radi haihitaji kupiga nyumba. Ikipiga karibu, stima inaruka kwa waya za nguzo ama inapanda kutoka ardhini. Na kuzima swichi haisaidii, hiyo imetoka kwa wingu kilomita kadhaa ikipasua hewa, nafasi ndogo ya swichi itaishinda? Chomoa. Hata tivii gadi ni ya stima ya kupanda na kushuka, radi inapita kabla haijaamka. Mama yako kwa kuchomoa ako sawa kuliko wewe.

Khayega_Onlaini
Kwa hivyo mathe ameshinda 😭 na hao ng'ombe? Radi ilipiga mti, haikupiga ng'ombe.

fundi_antena_Ksm
Mti ukipigwa, stima inashuka kwa mizizi na kusambaa kwa udongo. Ng'ombe miguu ya mbele iko mbali na ya nyuma, stima inapanda huku inashukia kule na inapita kwa moyo. Norway 2016 kulungu wa nchi za baridi (reindeer) 323 walikufa pamoja kwa mlima mmoja, na inaaminika ni radi moja. Usifunge ng'ombe chini ya mti mrefu wala kwa fensi ya waya. Na wewe ukipatwa nje usijikinge chini ya mti, ingia ndani ya gari ama nyumba kubwa. Gari inakinga ni ile bodi ya chuma, si tairi.

SistaWaWodi
Ninafanya kazi hospitali huku magharibi na kuna kitu moja inaniuma sana. Mtu akipigwa na radi watu wanamzunguka wanaogopa kumshika, ati bado ana stima ama ati mpaka wazee wafanye mambo yao kwanza. Mwili haubaki na stima hata kidogo. Mguse! Kama hapumui na hajibu, anza kusukuma kifua katikati kwa nguvu na haraka huku mtu mwingine anaita msaada. Wengi moyo husimama tu, na wanaweza kurudi wakisaidiwa mapema. Mkimngoja mzee wa ukoo afike, mgonjwa ameenda. Mambo ya mila mtafanya baadaye, hakuna mtu atawazuia.

NyarAhero
Mimi sijui stima najua wamama. Usiende na sayansi mdomoni ukimwambia hii ni kweli hii ni uongo, utaonekana umesoma ukasahau aliyekulipia fiizi. Anza na zile yuko sawa. Mwambie mama, hiyo ya kuchomoa uko sawa, ya mlango uko sawa, na uongeze na ya mfereji, mtu asioge wala kuosha vyombo ngurumo ikiwa karibu. Kisha ndio uombe yako moja, antena ibaki kama fundi ataifunga vizuri. Na vioo mwache afunike, leso inakugharimu nini?

Lingine, si hao wateja ni wa Marekani? Mchana wao ni usiku wetu. Mvua ya kwenu ni ya jioni, si ulale saa tisa ufanye kazi kuanzia saa mbili usiku?

BabaMapacha_Nax
Na usibishane naye ni saa ngapi ya kuchomoa, tumia hesabu. Ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kila 3 ni kilomita 1. Ikishuka chini ya 30 iko kama kilomita 10, chomoa. Rudisha dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, si mvua ya mwisho. Laptopu ikiwa na chaji endelea na bando ya simu, hakuna waya hapo.

Khayega_Onlaini
Wazee nimerudi. Niliongea na mathe jana jioni nikifuata ya NyarAhero. Nilimwambia ile ya simu za waya, akanyamaza kidogo akasema ndio hivyo walikuwa wanaambiwa kwa ofisi ya chifu, pale kulikuwa na simu. Sasa simu inakaa kama haiko kwa chaja, rauta inatoka, na antena amesema fundi akuje kabla Jumapili na yeye mwenyewe aone hiyo waya ikiingia ardhini. Nguo nyekundu hatujakubaliana, sitavaa tu. Kazi nimehamisha usiku. Fundi unaweza fika huku Khayega? Nitahitaji nini?

fundi_antena_Ksm
Nafika Alhamisi. Tafuta waya nene ya kopa mita kama sita na chuma ya kupiga chini, iwekwe mahali udongo una unyevu, na paipu ya kuficha kopa juu hao wa skrapu wataing'oa usiku huo huo. Nitakuja asubuhi, mlingoti sipandi baada ya saa sita. Na nitumie picha ya pale waya inaingia ukutani.

Khayega_Onlaini
Sawa bosi. Mathe anauliza kama unakula kuku.

fundi_antena_Ksm
Na ugali.