Naomba ushauri: njia za pikipiki na magari ya 4x4 katika msitu wa umma zipangweje?

Muulizaji: Ndugu zangu, habari za wakati huu. Wasimamizi wa msitu wa umma wamekitaka chama chetu cha waendesha pikipiki na magari ya 4x4 kiwasilishe pendekezo la njia zitakazoruhusiwa rasmi. Wanachama wengi wanataka tuchore zile zile tulizozizoea. Hata hivyo, nilipozipitia kwa miguu baada ya mvua, nilikuta ile inayopendwa kuliko zote, ambayo inashuka kilima moja kwa moja hadi kijitoni, imekuwa korongo la kufika magotini, mizizi ya miti iko nje na maji ya kijito yamejaa tope. Nauthamini sana mchezo huu, na ninaogopa tukikosea sasa tutafungiwa kabisa. Tuanzie wapi?

Jibu la kwanza: Ndugu yangu, anzeni na maji, maana ndiyo yanayoharibu njia baada ya gurudumu kuilegeza ardhi. Njia inayoshuka moja kwa moja hugeuka mfereji, kwa hiyo ipitisheni ubavuni mwa kilima, na mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu huo: pale ubavu una asilimia 30 (yaani unapanda mita 30 kwa kila mita 100 za kwenda mbele), njia isipite asilimia 15, na kwa wastani wa njia nzima asilimia 10 ni kipimo kizuri. Kila baada ya umbali mfupi ipandisheni kidogo kabla ya kuendelea kushuka, ili maji yatoke pembeni yangali machache. Vipimo vichukuliwe kwa klinomita, kifaa cha kupimia mwinuko, huko huko msituni. Ramani pekee haitoshi.

Jibu la pili: Naafiki, ila msipunguze njia hadi zikakosa ladha. Dereva akimaliza mzunguko mfupi usio na changamoto, atajitafutia mwingine vichakani, na hapo uharibifu huanza upya. Wekeni mizunguko mirefu ya viwango tofauti, na sehemu ngumu ziwe kwenye miamba, ambako gurudumu halina udongo wa kuchimba. Njia ya pikipiki ibaki nyembamba, kwa sababu mkiipanua magari yataifuata.

Jibu la tatu: Someni pia walivyofanya Marekani. Amri ya Rais Nixon namba 11644 ya mwaka 1972 ilitaka njia hizi ziwekwe mahali zitakapopunguza madhara kwa udongo, mimea, vyanzo vya maji na wanyamapori, pamoja na migogoro na watumiaji wengine wa ardhi. Mwaka 1977 Rais Carter aliongeza mamlaka ya kufunga mara moja sehemu zinazoharibika. Nanyi pendekezeni wenyewe zipi zifungwe, na zipi zipumzishwe wakati wa masika. Msimamizi atawasikiliza kwa sikio jingine.

Muulizaji: Nawashukuru sana. Ile ya kijitoni nitapendekeza ifungwe, ingawa najua nitalaumiwa. Je, tutavukaje kijito, na tutawazuiaje wasiirudie?

Jibu la kwanza: Vukeni kwa pembe mraba, mahali penye kingo fupi na mwamba chini, au jengeni daraja dogo. Kabla ya kivuko, maji ya njiani yaelekezwe kwenye nyasi ili tope libaki huko. Ama njia ya zamani, kibao peke yake hakizuii mtu: tifueni ardhi iliyoshindiliwa, pandeni miti, na lazeni magogo kuanzia njia panda hadi pale jicho la dereva linapoishia, asione kabisa kwamba palikuwa na njia.