Gazeti la chuo na jarida la vichekesho: tupeane uzoefu

Kijana wa Isevya
Wakuu wa Tabora na Kigoma, salaam. Chuo kikiwa na gazeti la wanafunzi na jarida la vichekesho, lazima vita viwepo. Wenye uzoefu wa toleo bandia, yaani jarida kuchapa gazeti la kuiga lile la chuo ili kutania, mje hapa: linatengenezwaje, na linaharibikia wapi?

Fundi Durufu
Kazi ni mpangilio. A3 moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 za A4. Gazeti la kurasa 8 linakula A3 mbili, kwa hiyo rimu ya karatasi 500 inatoa nakala 250, na hapo hujatoa za kuharibika. Karatasi ya nje upande mmoja ina ukurasa wa 8 na 1, nyuma yake 2 na 7. Ya ndani ina 6 na 3, nyuma 4 na 5. Kila jozi ijumlishe 9. Isipofika 9 umekosea. Mashine igeuze karatasi kwa ubavu mfupi. Ukiiachia ubavu mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Na mvua za Tabora zikianza, rimu isifunguliwe mpaka saa ya kuchapa, maana karatasi ikivuta unyevu inajikunja na kukwama.

Kanyenye
Umemaliza mkuu. Niongeze tu: igeni kichwa cha gazeti, upana wa safu na mahali pa tarehe. Msomaji hukagua hivyo vitatu, mengine anapita.

Binti Ujiji
Bila alama ya kuonyesha ni bandia, huo ni uongo, si utani.

Kanyenye
Dada, ukiandika "bandia" juu kabisa nani atacheka?

Binti Ujiji
Na ratiba ya mtihani ikiwa ya kubuni, mtu akakosa mtihani, utacheka naye? Ratiba, ada, matokeo na misiba haviguswi. Hapo sina mjadala.

Mgebuka
Naunga mkono, hasa misiba.

Bi Chemchem
Wanangu, hamjawasikia wa Harvard kule Marekani? Gazeti lao, Crimson, ni la 1873, na jarida la vichekesho, Lampoon, la 1876. Wanaibiana mpaka leo! Jengo la Lampoon lina ndege wa shaba juu ya paa. Mwaka 1953 watu wa Crimson walimng'oa, wakamkabidhi mwanadiplomasia wa Urusi ya Kisovieti kama zawadi kwa Chuo Kikuu cha Moscow. Ikabidi wenyewe wahangaike kumrudisha. Mwaka 2015 wale wa Lampoon wakachukua kiti cha mkuu wa Crimson, wakajifanya ndio Crimson, wakapiga picha Donald Trump amekikalia, kana kwamba gazeti linamuunga mkono kugombea urais.

Mgebuka
Ndege kwa Warusi! 😂 Tuache rimu, mama, endelea.

Kijana wa Isevya
Jamani turudi kwenye mada.

Bi Chemchem
Mada ndiyo hiyo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mtani akikunyang'anya kitu unakikomboa, humpeleki polisi. Lakini lazima wote wawili wajue kwamba ni watani. Huyo mgeni aliyepewa ndege hakuwa mtani wa mtu.

Fundi Durufu
Mama kagusa penyewe. Wengi huweka dokezo ukurasa wa 8 pekee. Mtu anapiga picha ukurasa wa 1, anautupa WhatsApp, na dokezo limebaki kwenye karatasi. Huko nje picha inasomwa na wasiojua utani wenu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo zinazosambazwa kwa nia ya kupotosha. Badilisheni herufi moja kwenye jina la gazeti, kisha mstari mdogo chini ya kila ukurasa, ndani ya safu ya maandishi. Ukiwa pembeni, mtu anaukata.

Kanyenye
Herufi moja nakubali. Mstari kila ukurasa, hapana.

Binti Ujiji
Basi msichape.

Kijana wa Isevya
Na pini je? Stepla ya mkono mrefu hatuna.

Fundi Durufu
A3 mbili hazihitaji pini. Ingiza moja ndani ya nyingine, kandamiza mkunjo kwa rula, inatosha.