Wote wanafaulu jaribio la kozi ya mtandaoni, lakini makosa kazini hayapungui

Mwandaa_Mafunzo

Wakuu, habari za kazi. Kozi yangu ya mtandaoni inahusu upokeaji wa mizigo stoo. Ina slaidi 62, sauti inasoma maandishi yaliyo kwenye slaidi, na mwisho kuna jaribio la maswali 10. Karibu kila mtu anapata 90 kwenda juu, lakini fomu za mapokezi bado zinasainiwa kabla mzigo haujahesabiwa. Wakubwa wanataka niongeze slaidi. Nianzie wapi? La pili: kuna washiriki wanaofika hadi mwisho lakini LMS (mfumo unaoendesha kozi na kutunza rekodi za washiriki) inaonyesha hawajakamilisha. Kifurushi ni SCORM 1.2, yaani muundo unaoiwezesha kozi kuwasiliana na LMS.

Kalamu_na_Lengo

Mkuu, usiongeze slaidi hata moja. Anza na jaribio, maana ndilo linalokudanganya. Kama umeuliza "Fomu ya mapokezi husainiwa lini?", hata yule anayesaini mapema kila siku atachagua "baada ya kuhesabu". Kanuni anaijua. Kinachomshinda ni dereva aliyesimama mbele yake na injini inanguruma. Swali limpeleke hapohapo:

"Hati ya mzigo inasema katoni 48. Umehesabu 30. Dereva anasema amechelewa safari nyingine, anaomba saini. Utafanya nini?
a) Nitasaini sasa, kisha niripoti pungufu nikimaliza kuhesabu.
b) Nitamsubirisha, nimalize kuhesabu, ndipo nisaini.
c) Nitasaini, lakini niandike kuwa nimehesabu 30 tu."

Vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi, a na c ni makosa ambayo mtu mwenye akili timamu huyafanya akiwa na haraka. Kile cha c kinavutia zaidi kwa sababu kinaonekana cha uaminifu, kumbe katoni 18 zimebaki bila mwenyewe. Chaguo tatu zinatosha. La nne mara nyingi huwa la kujazia tu na kila mtu huliruka. Angalia pia jibu sahihi lisiwe ndilo refu kuliko yote, washiriki hulinusa haraka sana.

Mrejesho nao usiwe "Si sahihi, jaribu tena". Onyesha matokeo: "Zimekutwa katoni 46. Saini yako inasema umepokea 48, msambazaji anadai malipo ya 48, na huna karatasi ya kumpinga."

Makosa yenyewe usiyabuni mezani. Chukua fomu 20 za karibuni zenye kasoro, kaa na wasimamizi wa zamu, na kwa kila fomu uliza: alifanya nini, alipaswa kufanya nini, kwa nini alifanya vile? Ukikuta sababu ni kwamba gari hupewa dakika chache tu za kushusha, hapo kozi haitibu kitu. Rudisha suala kwa wanaopanga ratiba, na uwaambie wakubwa hivyo waziwazi.

Sauti_na_Picha

Naunga mkono, na naongeza mawili. Sauti inayosoma slaidi neno kwa neno inamchosha mshiriki: jicho linasoma kwa kasi kuliko sauti, basi viwili hivyo vinakimbizana kichwani. Weka picha ya kreti iliyopasuka, mshale mmoja kwenye ufa, na sauti ieleze. Maandishi kamili yakae nyuma ya kitufe, kwa asiyesikia vizuri au asiye na spika.

La pili ni muda wa kupima. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliwazidi waliojipima kwa kukumbuka, ila baada ya siku 2 na baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Jaribio linalofuata slaidi ya mwisho papo hapo linapima kile ambacho bado kiko mdomoni. Tuma swali mojamoja siku ya 2, ya 7 na ya 21, uamuzi uwe uleule lakini hali tofauti: mvua inanyesha, lakiri imekatika, mzigo umekuja bila hati.

Fundi_SCORM

Upande wa LMS, shuku kwanza suspend_data, sehemu inayohifadhi mshiriki ameishia wapi na amejibu nini. Kwenye SCORM 1.2 mwisho wake ni herufi 4,096, na kozi ya slaidi 62 yenye mazoezi huweza kuzimaliza. Dalili yake: mshiriki akirudi anakuta yuko nyuma ya pale alipoachia. Igawe kozi vipande vinne, au toa kifurushi cha SCORM 2004 toleo la 3 au la 4, ambako kikomo ni herufi 64,000, ikiwa LMS yako inakipokea.

Kisha angalia lesson_status, sehemu inayobeba hadhi ya mshiriki. Katika 1.2 sehemu hiyo moja hubeba kukamilisha na kufaulu kwa pamoja. Kifurushi kikituma "completed" na LMS ikawa inangoja "passed", mtu habadiliki hadhi milele.

Jingine ni wanaofunga kidirisha mara tu wakiona alama. Kivinjari cha Chrome tangu toleo la 80 huzuia maombi ya kusubiriana (yanayolazimisha ukurasa ungoje jibu la seva) wakati ukurasa unafungwa, kwa hiyo data ya dakika ya mwisho hupotea. Ita LMSCommit, amri ya kuhifadhi data kwenye LMS, kwenye slaidi ya matokeo yenyewe, usingoje kitufe cha Toka.

Jaribu kwa akaunti mpya kabisa. Aliyekwishaanza hubaki na data ya zamani hata ukibadilisha faili ya zip, nawe utadhani marekebisho yamegoma.

Mwandaa_Mafunzo

Nimewaelewa, asanteni. Maswali yakibadilika hivyo, alama si zitashuka?

Kalamu_na_Lengo

Zitashuka, na wakubwa waambie kabla hujazindua. Wape kipimo kingine: chukua fomu 30 za kabla ya kozi mpya na 30 za wiki ya sita baada yake, linganisha saa ya kumaliza kuhesabu na saa ya saini. Kama fomu haina nafasi ya kuandika saa hizo, iongeze leo, ili upate za kabla.