Kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) chenye kivuli na unyevu: ile Carex ya picha itaota Lamu?

BintiMkomani

Assalaam alaykum wapenda bustani. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Nakaa Mkomani, Lamu, nyumba ya wazee ya mawe, ghorofa mbili. Kiwanda chetu ni kidogo, hatua saba kwa tano hivi, na kuta ni ndefu. Jua hupita saa sita kama mgeni mwenye haraka, kisha basi. Upande mmoja pana mfereji wa kutilia udhu na maji yake yote huishia kwenye udongo, kwa hiyo haukauki hata kaskazi ikivuma. Ukoka nimepanda mara mbili. Wa kwanza ulikaa miezi miwili ukageuka manjano, wa pili haukufika hata huko. Sasa pamebaki tope na utelezi wa kijani. Mwezi uliopita mavyaa aliteleza (hakuumia, alhamdulillahi), na tangu siku hiyo mume wangu ana neno moja tu: saruji.

Mimi saruji siitaki. Nimeona picha za bustani za Japani na Ulaya, chini pamejaa majani membamba yaliyolala kama nywele zilizochanwa, mengine yana mstari wa njano katikati. Wanaiita Carex, na wanasema inapenda kivuli na unyevu. Nikasema haya, nimepata. Shemeji yuko Uingereza, anakuja kututembelea, kasema atanitilia miche miwili mitatu kwenye begi.

Itaota huku? Na kama haioti, nipande nini kifunike ardhi?

Sabaki_Shamba

Dada, hiyo ni ndago, gugu la shambani. Unailipia ndago nauli ya ndege.

KitaluGede

Wa alaykum salaam dada. Huyo hapo juu anatania, lakini hajakosea sana. Carex na ndago ni jamaa moja, pamoja na mafunjo. Si nyasi. Chukua shina lake ulizungushe baina ya vidole: la nyasi ni duara na lina vifundo, la jamaa hii mara nyingi lina pembe tatu, unazihisi kabisa, na halina vifundo. Jifunze kipimo hicho, kitakusaidia siku ya kununua.

Carex zenyewe ni nyingi mno, aina kama 2,000, na nyingi ni za nchi za baridi. Hata Kenya zipo, lakini uzifuate juu kwenye vinamasi vya Mlima Kenya, si Lamu. Ile yenye mstari wa njano uliyoiona nadhani ni Evergold, asili yake Japani. Huko kwao kuna majira ya baridi, inapumzika. Huku joto halina likizo, mchana na usiku. Niliwahi kuletewa vikopo viwili vyake. Vilikaa vizuri mwezi mmoja, nikaanza kujisifu, kisha ncha zikakauka na katikati pakaoza. Mwezi wa tatu nilibaki na vikopo.

Halafu hilo la begi, mwambie shemeji aache. Mmea hauingii nchini hivi hivi. Unatakiwa kibali cha KEPHIS (shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea) kabla haujasafirishwa, na cheti cha afya ya mimea kutoka kule unakotoka. Asipokuwa navyo, miche itaishia uwanja wa ndege, naye atabaki kujieleza.

Cha kupanda kipo karibu. Kuna ile yenye mashina marefu, na juu majani yametawanyika kama mwavuli uliofunguliwa. Vitabuni ni Cyperus involucratus, vitalu vingine huiuza kwa jina la alternifolius. Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, na miguu kwenye maji ndiyo raha yake. Ila hufika mita moja na zaidi, kwa hiyo haifuniki ardhi. Panda shina mbili tatu pale penye mfereji, inywe yale maji. Wala usinunue nyingi. Kata kichwa pamoja na kipande cha shina urefu wa kidole, punguza majani nusu, kisha kitose kichwa chini miguu juu kwenye gilasi ya maji. Baada ya wiki mbili tatu mizizi inatoka katikati ya majani. Watoto wangu hupenda kazi hii kuliko mimi.

Ya kufunika ardhi ni ndugu yake mfupi, Cyperus albostriatus. Huyu kwao ni misitu ya Afrika Kusini, chini ya miti, kwa hiyo kivuli si jambo geni kwake. Kimo chake ni kama nusu mita, majani mapana kidogo, na ipo yenye mistari myeupe kama unataka urembo. Ukipata kichaka kimoja kikubwa, kigawe kwa kisu, kila kipande kiwe na mizizi na machipukizi, upande kwa nafasi ya sentimita 30. Subiri masika yaanze, usipande sasa.

MamaShangaa_Mld

Naunga mkono, ila jihadhari na udongo wa kuletewa! Mimi niko Malindi. Nilinunua lori moja la udongo "mweusi, safi" kwa mtu simtaji, nikasawazisha, nikamwagilia. Wiki ya pili ndago zimesimama kama jeshi. Nikang'oa. Zikarudi. Nikang'oa tena. Kumbe ukivuta jani unatoka na jani, viazi vinabaki chini vimeunganishwa kama shanga kwenye uzi, na kila kimoja kinaweza kuchipua peke yake. Nimechimba kwa jembe, nimechekecha kwa wavu wa kuku. Mwaka wa tatu huu.

Jirani yangu Mhindi alinicheka, akasema kwao viazi hivyo huitwa nagarmotha na hutiwa kwenye manukato. Nikamwambia aje na gunia, achukue bure.

KitaluGede

Pole sana mama. Dada yetu ana nafuu moja: ndago haipendi kivuli. Kwenye kiwanda kama chake itadhoofika yenyewe. Balaa lake ni penye jua.

MzeeWaLangoni

Mwanangu BintiMkomani, wote hawa wamesema ya mimea, mimi nitasema ya nyumba.

Kuta zetu ni matumbawe na chokaa. Jiwe lile hunywa mai kama utambi unavyokunywa mafuta, na mai yakipanda hupanda na chumvi. Chumvi ikifika juu ikakauka, chokaa hububujika unga, huanguka. Mmezoea kuona hayo mkasema nyumba imezeeka. Haikuzeeka, ina kiu mbaya.

Basi usipande kitu ukaribiane na ukuta. Acha mkono mmoja kamili, utie kokoto na mtanga, pakauke. Na yale mai ya udhu yatimbie kijifereji yaje katikati, penye mimea, yasilale mguuni mwa ukuta. Mimea inyweshwe, ukuta uwekwe kavu.

Na mumeo mwambie kwa upole, saruji ndiyo mbaya zaidi. Ukiziba ardhi yote, ule unyevu ulio chini hauna pa kutokea ila ndani ya kuta. Nimeona nyumba ya jamaa yangu, walitia saruji kiwanda kizima, na baada ya miaka michache chumba cha ndani kikawa chanuka kuvu, na boriti mbili zikalazimika kutolewa.

Jingine, mbu. Wazee walitia samaki wadogo kwenye birika ili wale viluwiluwi. Ukiwa na ndoo au kopo la maji hapo kwenye mimea, kumbuka hilo.

BintiMkomani

Mzee wangu, shikamoo. Nimemsomea mume wangu maneno yako yote. Amenyamaza, na kwa ninavyomjua hiyo ni hatua kubwa.

KitaluGede, maswali mawili. Mfereji wetu ni maji ya kisima, yana chumvi kidogo, chai yake twaijua. Itaharibu? Na mbolea, nikitia ya punda ni sawa? Hiyo sikosi.

KitaluGede

Chumvi kidogo utaiona kwenye ncha za majani, zitaungua rangi ya kahawia. Maji ya mvua yakinyesha huisukuma chini, kwa hiyo masika yatakufanyia nusu ya kazi. Kiangazi, kila ukipata ndoo ya maji matamu ya kusuuzia mchele au mboga, mwaga hapo. Ya sabuni usimwage.

Ya punda nzuri, lakini iliyooza miezi kadhaa, ikawa haina harufu tena. Mbichi ina mbegu za kila alichokula, na punda hachagui.

BintiMkomani

Narudi tena. Asubuhi nimefanya kile kipimo cha vidole. Nyuma ya mfereji kuna kitu kimejiotea chenyewe, kifupi, kama shibiri moja, majani laini ya kijani kibichi, na juu kina kichwa kidogo cheupe cha mviringo kama kifungo cha shati. Nilikuwa nikikikanyaga tu. Shina lina pembe tatu!

KitaluGede

Dada USIING'OE. Hiyo ni Kyllinga, nayo ni jamaa ya ndago. Wenye viwanja vya ukoka huilaani kwa sababu hutambaa chini kwa chini, lakini kiwanda chako kimezungukwa na kuta, itatambaa iende wapi? Inakanyagika na inakatika kwa mkasi. Chimbua vipande vya ukubwa wa kiganja, vihamishie penye utelezi, acha shibiri moja baina yao, kisha usipite juu yake wiki tatu.

Sabaki_Shamba

Si nilisema ndago. Kasoro nauli.

BintiMkomani

😂 Mume wangu anauliza: mifuko minne ya saruji aliyokwisha kuinunua, kuna mtu Lamu anaihitaji?