Kundi letu la kadi Mombasa limefika watu 18: tuchague Lorcana, Star Wars: Unlimited au Flesh and Blood?

Mwenye Meza (Mombasa)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Miezi saba iliyopita tulikuwa watu 4 tukikutana Jumamosi alasiri katika chumba kidogo juu ya mkahawa mmoja, na kila mmoja alikuwa na mchezo wake: huyu alikuja na fungu la kadi aliloletewa na mjomba wake kutoka Dubai, yule alikuwa amechapisha kadi zake mwenyewe kwenye karatasi ngumu, na sisi wawili tuliosalia tulikuwa waazimaji tu. Leo tumefika 18. Jumamosi iliyopita wageni 3 walisimama ukutani kwa muda wa saa mbili wakitazama, kwa sababu hapakuwa na mafungu ya ziada ya mchezo uliokuwa mezani, na mmoja wao ameshatuambia kwamba harudi.

Tumeamua kuchanga fedha tuwe na mchezo mmoja wa kundi, bila kumzuia mtu kuendelea na wake. Majina yaliyobaki ni matatu. Disney Lorcana ni ya kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani na ilitoka Agosti 2023. Star Wars: Unlimited ni ya Fantasy Flight Games na iliingia sokoni Machi 2024. Flesh and Blood ni ya Legend Story Studios ya New Zealand. Ilianza Oktoba 2019, kwa hiyo kwa wenzetu wa mbali si mpya tena, lakini hapa kwetu nimekutana na watu 2 tu wenye kadi zake.

Nieleze kwa jinsi nilivyocheza. Katika Lorcana fungu huwa na kadi 60 au zaidi, zisizozidi 4 za aina moja, kutoka katika wino wa rangi mbili kati ya sita, na wa kwanza kufikisha alama 20 ndiye mshindi. Kila zamu unaweza kulaza kadi moja kifudifudi iwe wino wa kulipia nyingine, mradi ina mchoro unaoruhusu hivyo. Basi kila zamu unaagana na kadi ambayo pengine ungeihitaji baadaye. Mhusika unayemtuma kutafuta alama hulazwa ubavu, na kwa kawaida aliyelala ubavu ndiye anayeweza kushambuliwa, hivyo kila alama unayoipata unaipata kwa kujiweka wazi. Star Wars: Unlimited inataka fungu la kadi 50 au zaidi, zisizozidi 3 za aina moja, pamoja na kiongozi mmoja na kituo ambacho mara nyingi huwa na uhai wa 30, na kazi yako ni kukibomoa kituo cha mwenzako. Uzuri wake ni kwamba wachezaji hupokezana tendo moja moja, kwa hiyo hakuna anayekaa akipiga miayo huku mpinzani akimaliza hesabu zake ndefu. Flesh and Blood nimeicheza mara mbili na kushindwa mara mbili, kwa hiyo nawaachia wenye ujuzi waieleze.

Naomba maoni yenu, hasa ya walioona kundi likikua au likifa.

Kibokoni

Mwenye Meza, mimi nasimama na Lorcana, na sababu yangu ya kwanza ni mpwa wangu wa miaka 9. Nilipomwekea mezani kadi za Simba, Pumbaa na Rafiki, hakuuliza hao ni nani wala kwa nini Rafiki anaitwa Rafiki. Alicheka, akamchagua Simba, na baada ya dakika ishirini alikuwa ananikumbusha mimi kulaza wino. Majina hayo ni ya kwetu hata kama mchezo umetoka mbali, na mtoto anayelijua jina la mhusika huwa ameshavuka nusu ya ugumu.

Dosari ninayoiona ni maandishi. Kadi hutoka kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na lugha nyingine kadhaa, lakini Kiswahili hakimo, na maelezo yake ni ya herufi ndogo zinazomtesa mtu wa umri wangu. Sisi tumeandika karatasi moja yenye maneno kumi na mawili yanayojirudia na maana zake, tukaibandika ukutani. Inatosha.

Ngumi Mbili (Nairobi)

Naomba niitetee Flesh and Blood kwa urefu kidogo, kwa kuwa naona inakaribia kutupwa nje kabla ya kusikilizwa.

Katika michezo mingi ya aina hii kadi ina kazi moja: ama unailipia uicheze, ama inakukalia mkononi. Hapa kadi ileile yaweza kuwa shambulio, ngao au malipo. Kadi nyingi huja katika rangi tatu: nyekundu hukupa malipo ya 1 lakini hupiga kwa nguvu zaidi, njano hukupa 2, na bluu hukupa 3 huku pigo lake likiwa dogo. Kila mchezaji huongoza shujaa mmoja, na mashujaa wengi hujaza mkono hadi kadi 4 mwishoni mwa zamu yao, kwa hiyo kila mpinzani anapokushambulia unajiuliza swali lilelile: nikinge kwa kadi hizi nipone sasa, au nipokee kipigo ili nibaki na kadi za kumrudishia? Hakuna zamu ya kupumzika. Anayeshindwa kwa sababu ya karata mbovu ni nadra; wengi wetu hushindwa kwa uamuzi mbovu, na uchungu huo ndio unaomrudisha mtu Jumamosi inayofuata.

Mgeni hahitaji kuanza na mtindo mkubwa. Upo mtindo wa Blitz, wenye mashujaa vijana ambao kwa kawaida huanza na uhai wa 20 badala ya 40, na fungu la kadi 40 tu, na mchezo mmoja huisha kabla chai haijapoa. Lipo pia sanduku la watu wawili lenye mafungu tayari ya Rhinar na Dorinthea, ambao ni miongoni mwa mashujaa 4 wa toleo la kwanza. Na jambo linalosahaulika ni kwamba mashindano yake makubwa hayatupi matoleo ya zamani kwa kupita kwa muda: shujaa anayeshinda mno hukusanya alama hadi anastaafishwa kwa heshima, lakini kadi nyingine nyingi ulizonunua zinaendelea kufanya kazi.

Sikatai kwamba ni mchezo mgumu kwa mtoto wa miaka 9.

Zamu Yangu (Dar es Salaam)

Ndugu Mwenye Meza, mmesahau wanaoishi mbali na meza. Mimi nacheza Star Wars: Unlimited bila kuwa na hata kadi moja ya karatasi, kwa sababu ipo tovuti iitwayo Karabast iliyotengenezwa na wapenzi wa mchezo, ambako mtu hupanga fungu na kucheza bure kwenye kivinjari. Ngumi Mbili anajua kwamba Flesh and Blood nayo ina Talishar inayofanya kazi hiyohiyo. Lorcana ilikuwa na programu ya wapenzi iitwayo Pixelborn, nayo ilifungwa mwaka 2024. Kwa kundi la Jumamosi tu huenda hilo si kitu, lakini mtu anayefanya kazi za zamu kama mimi hukosa Jumamosi tatu kati ya nne, na asipokuwa na mahali pa kujizoeza katikati ya wiki hujikuta mgeni kila anaporudi.

Bandari (Hamburg)

Niseme kuhusu fedha, maana mara kwa mara huwa ninawatumia vijana wa nyumbani mizigo ya kadi.

Wakati Lorcana inaanza, niliona pakiti za toleo la kwanza, zile zilizofungwa usijue kadi zilizomo, zikiisha dukani siku ileile na kuuzwa tena mtandaoni kwa bei ya kuudhi. Duka moja hapa, ambalo silitaji, lilipokea malipo yangu ya kasha zima, likanirudishia fedha baada ya wiki tano bila neno la pole, kisha nikaliona kasha hilohilo kwenye rafu yao kwa bei kubwa zaidi. Hali hiyo imepita na mzigo sasa unapatikana, lakini imenifunza kutofuata pakiti za kubahatisha.

Hesabu yangu inafuata bei za Marekani zilizopendekezwa wakati michezo hii inatoka. Pakiti moja ya Lorcana yenye kadi 12 ilikuwa dola 5.99. Kasha la pakiti 24 ni dola 143.76, nalo litawapa kadi 288 ambazo hakuna anayeweza kuwahakikishia kwamba zitatoa hata mafungu matatu yanayochezeka vizuri. Fungu la kuanzia, lililopangwa tayari, lilikuwa dola 16.99, mafungu sita ni dola 101.94, na watu sita wanaketi kucheza saa hiyohiyo. Sanduku la watu wawili la Star Wars: Unlimited, lenye Luke Skywalker upande mmoja na Darth Vader upande wa pili, lilikuwa dola 34.99. Ongezeni usafirishaji na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania ni 18, kabla hamjamtangazia mtu mchango.

Jambo moja zaidi. Tangu Septemba 2025, lilipotoka toleo la Fabled, matoleo manne ya kwanza ya Lorcana yameondolewa katika mtindo mkuu wa mashindano. Mwenye ndoto za mashindano aangalie hilo. Ninyi mnaotaka mgeni apate mahali pa kukaa, mafungu ya matoleo hayo ya zamani yanawafaa vilevile, na pengine mtayapata kwa nafuu.

Mwalimu wa Jumamosi (Mombasa)

Shikamoo kwa wakubwa. Hesabu ya Bandari inagusa jambo ambalo halijasemwa. Mzazi mmoja alikuja kumchukua mwanawe, akaona karata mezani na noti ya mia mbili kando ya kikombe, akadhani ni kamari. Ile ilikuwa fedha ya chai. Nilimweleza, akaelewa, lakini nilipofika kwenye pakiti zilizofungwa ambazo mtu hulipia bila kujua kilichomo, maneno yaliniishia, kwa sababu kwa kweli hapo alikuwa na hoja. Tangu siku hiyo sipendi kuona pakiti zikifunguliwa kwenye meza ya watoto. Mafungu yaliyopangwa tayari yana orodha inayojulikana, nami naweza kumwonyesha mzazi kila kadi.

Kuhusu kadi za kuchapisha nyumbani: mashindano rasmi hayazikubali, ila mezani kwetu sioni ubaya mtu akijaribia kadi kabla ya kuinunua. Nisichokubali ni kuziuza au kuzibadilisha na za kweli, na nimeshaona jaribio moja.

Ngumi Mbili (Nairobi)

Mwalimu, hapo nakuunga mkono. Na kama kigezo ni mgeni aketi siku ileile bila kulipa, basi nakubali Lorcana itangulie. Naomba tu meza moja.

Mwenye Meza (Mombasa)

Nawashukuru. Nilikuja hapa nikiuliza mchezo upi ni bora, na nimeona kwamba swali langu lilikuwa kombo, kwa kuwa yule kijana aliyesimama ukutani hakukosa mchezo bora, alikosa fungu la kushika.

Tumeketi jana, na uamuzi ni huu. Fedha ya kundi itanunua mafungu sita ya Lorcana yaliyopangwa tayari, yote tofauti, pamoja na sanduku moja la watu wawili la Star Wars: Unlimited kwa ajili ya wanaotaka kujizoeza na Zamu Yangu mtandaoni. Mafungu hayo ni mali ya kundi: hayafunguliwi ili kuchomolewa kadi, hayabadilishwi, na kila moja litakuwa na orodha yake ndani ya boksi, likihesabiwa kabla ya kufungwa. Anayetaka pakiti anunue kwa fedha yake na kuzifungulia kwake. Wenye Flesh and Blood wamepewa meza ya dirishani, na Ngumi Mbili akishuka na treni atatufundisha Blitz. Yule kijana nimempigia simu, amesema atafikiria.

Kibokoni

Vizuri sana, ila hamjasema sanduku litalala kwa nani. Kwangu kuna mpwa, msinitegemee.

Mwalimu wa Jumamosi (Mombasa)

Lilale kwangu. Kabati lina kufuli, na ufunguo wa pili atakaa nao Mwenye Meza.