Mbwa gani, corgi, jamani shepadi (German Shepherd) au kienyeji, kwa nyumba yenye watoto hapa Dar?

mama_goba: Habarini wakuu. Wanangu wawili, miaka 6 na 9, wameniganda wanataka corgi, wale mbwa wafupi aliokuwa nao Malkia Elizabeth. Baba yao anasema kienyeji anatosha, mi nawaza shepadi kwa ajili ya ulinzi. Uwanja mdogo una ukuta, mchana anabaki dada. Waliofuga naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

kaka_tabata: Dada usimwone mfupi ukadhani ni wa kupakatwa. Kule kwao Wales walikuwa wanaswagia ng'ombe, anang'ata kisigino ng'ombe anasogea na ule ufupi unamsaidia teke limpite juu. Sa akikosa ng'ombe anaswaga watoto. Wa shemeji yangu watoto wakianza tu kukimbia anawazunguka, anabweka, anawadonoa visigino, hana ubaya wowote ila yule wa miaka mitatu alikuwa analia kila jioni mpaka mbwa akafundishwa kuacha. Na kelele anazo, bodaboda ikipita getini anaamsha mtaa.

veti_kigamboni: Mimi natibu mifugo, nikwambie ukweli kubwa ni joto. Corgi ana manyoya tabaka mbili, ni mbwa wa baridi, na Dar kuanzia Desemba mpaka Machi unaijua. Atembezwe alfajiri au baada ya magharibi, mchana alale ndani kwenye vigae na feni, maji yasikauke. Msimnyoe mkidhani mnamsaidia, manyoya ya juu yanamkinga na jua na yakinyolewa yanaweza kuota vibaya. La pili mgongo, ni mrefu juu ya miguu mifupi kwa hiyo diski za kati ya pingili zinaumia, asizoee kuruka toka kwenye kochi na asinenepe. Mkubwa ni kama kilo 10 mpaka 14, ukimpapasa mbavu uzisikie. Corgi ni mlafi, watoto wakimrushia chapati kila mlo ameisha.

mzee_mbezi: Namuunga mkono baba watoto. Kienyeji joto kazaliwa nalo, manyoya mafupi, dona na dagaa anakula, mgeni akigusa geti unajua. Ila watu wanamwonea, eti wa kienyeji hachanjwi! Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima kwake kama kwa huyo wa Malkia, na dawa ya kupe pia. Shepadi analinda kweli lakini anavuka kilo 30, naye ana manyoya mazito, na kwa uwanja mdogo bila mazoezi atawasumbua.

mama_goba: Asanteni sana. Manyoya je? Huyu wa 6 ana pumu.

kaka_tabata: Uuuh. Kwa shemeji kochi jeusi limekuwa la kahawia, dada anafagia asubuhi, jioni yapo tena mpaka kwenye chandarua.

veti_kigamboni: Hapo mama simama kwanza. Corgi anapukutisha mwaka mzima, na kuna vipindi anazidisha. Ongea na daktari wa mtoto, halafu mpeleke akacheze kwenye nyumba yenye corgi, siyo mara moja, uone kifua kinasemaje. Hata kienyeji anaweza kumletea shida, mafupi siyo kwamba hayapo. Mkifika kwa muuzaji ombeni kuwaona wazazi wa mbwa wakitembea, na muulize kama wamepimwa ule ugonjwa wa kurithi unaopoozesha miguu ya nyuma ukubwani. Akianza kuzungusha maneno, ondokeni.

mama_goba: Basi hela inakaa kwanza, naanza na daktari wa kifua. Kaka Tabata, shemeji yako atatupokea Jumamosi?

kaka_tabata: Njooni saa kumi jua likipoa. Watoto wavae viatu vya kufunika visigino.